Wageni wa Diski ya Pili

Nina hasira za karibu. Ndugu zangu wanajua, wateja wangu wanajua, hata printa yangu inajua, maana imekula makofi ambayo hakuna mtoto wangu aliyewahi kuyala. Kwa hiyo nikisema kuna mtu ninayemshukuru kwa sababu alinikataza jambo, mfahamu kwamba shukrani hiyo ilianza na moto. Siku aliponikataza sikumshukuru hata kidogo. Nilinuna, nikajibu kwa mkato, nikamwekea chai bila kumtazama.

Mtu huyo ni dada wa marehemu baba yangu. Asili yetu ni Kasai, ingawa mimi nimezaliwa hapa Lubumbashi na Kiswahili ndicho kilichonilea. Kwetu dada wa baba si shangazi tu. Ni baba anayevaa kikwembe, yaani kitenge. Ndiyo maana mimi na mdogo wangu wa kiume tunamwita Tata, kama tulivyomwita baba mwenyewe, na akisema neno tunainamisha kichwa, hata kama moyoni tunabisha.

Ofisi yangu iko katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba, huko Katuba. Ninachapa barua, ninatoa fotokopi, ninatengeneza mialiko ya harusi na programu za mazishi. Chumba hicho kilikuwa sebule. Baba alikuwa mtu wa reli. Alipostaafu, akaona binti yake amemaliza shule na hana pa kukaa na elimu yake, akabeba viti vyake mwenyewe akavipeleka uani. "Bageni bangu batakaa inje," akasema. "Weye weka machine yako." Hajawahi kunikumbusha jambo hilo, wala kulitumia kunibana tulipogombana, na tuligombana sana, maana hasira hizi nilizirithi kwake.

Sasa niwaeleze kidogo kuhusu kompyuta, nitajitahidi nisichoshe. Mteja akija na kitu chake kwenye barua pepe, au kwenye kiungo alichotumiwa, ninakibonyeza kwenye kivinjari. Kivinjari kinauliza: tufungue, au tuhifadhi? Ukihifadhi, unachagua mwenyewe pa kuweka. Ukifungua tu, unakiona, unakichapa, mteja anakwenda zake, nawe unadhani kitu kimeondoka naye. Hakikuondoka. Ili kukuonyesha, kivinjari kililazimika kukiweka mahali, na mahali penyewe ni kona ya giza ambayo wengi hawajawahi kuiona.

Mimi nilijifunza kuhusu kona hiyo kwa aibu. Mama mmoja alikuja kuchapa maombi ya kazi, akabonyeza penginepo, mbele yake likafunguka dai la talaka la jirani yake, lililokuwa limekuja kwangu siku iliyotangulia. Alilisoma lote kabla sijafika. Mtaa mzima ulikuwa umelisoma kabla ya jua kuzama. Nikamwita fundi. Fundi akatazama, akaniambia kwamba diski ya kwanza ni nyembamba na imejaa vitu hivyo, ndiyo maana mashine inachechemea. Akaniundia folda kwenye diski ya pili, akakielekeza kivinjari kiweke humo kila kinachofunguliwa kwa muda, na kisifute chochote chenyewe, maana umeme wetu unakatika bila kuaga na mtu anaweza kupoteza kazi aliyokuwa akiitazama. Kufuta ni kazi yako, akasema. Nikaiita folda hiyo Bageni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi wangu niliwapa mpaka Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita huku tangu enzi za wazee wa migodi. Kila Jumamosi mteja wa mwisho akitoka, ninafungua Bageni, ninachagua wote, ninawatoa. Nilijivunia sana utaratibu huo. Siri ya mtu haikulala kwangu Jumapili.

Kisha baba akafa.

Mdogo wangu ni dereva wa lori. Habari zilimkuta upande wa Zambia, na shehena ya unga wa mahindi, kwenye foleni ya kuingia Mokambo. Foleni haikusogea. Karatasi za mzigo zilikuwa kwa jina lake, na lori likiachwa pale hata kwa saa chache unakuta magurudumu yamebaki peke yake. Alinipigia simu akilia, nikamwambia baki. Nilisema mimi, dada yake mkubwa, kwa mdomo wangu: baki. Tukamzika baba bila mwanawe wa kiume.

Kabla jeneza halijafungwa, Tata alisimama. Wanawake wakanyamaza. Akaanza kasala. Asiyejua, kasala ni maneno ya sifa yetu sisi Waluba wa Kasai: anatajwa marehemu na waliomzaa na waliowazaa hao, matendo yake, majina yake ya utani, madeni yake kwa walio hai na ya walio hai kwake. Haisomwi popote. Inatoka kwa mtu kama damu inavyotoka. Tshiluba changu ni cha kusikia kuliko kusema, lakini siku ile nilielewa, nikamjua baba yangu upya: kijana aliyetoka Kasai kwa miguu na garimoshi, aliyepanga reli juani, aliyemtolea binti yake viti. Nililia mpaka wakanishika.

Katikati Tata akainama juu ya uso wa baba, akauliza: "Mwana wako wa kiume yuko wapi?"

Hapo uani pakalipuka. Wanawake walipiga mayowe, watu wakaanguka, na maneno yaliyofuata yakazama humo. Wengi walirudi makwao na lile swali tu. Na kwa kuwa midomo ya watu haina kizibo, kabla ya lori kuvuka mpaka mdogo wangu alikuwa amekwisha kuambiwa: Tata alikushtaki mbele ya maiti. Alimuuliza baba uko wapi, na baba amekwenda na swali hilo.

Akanipigia. "Yaya, ni kweli?" Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Nilimwambia si hivyo, kwamba kulikuwa na maneno zaidi, mazuri, nilikuwa karibu nikayasikia. "Ee yaya," akasema, "unanituliza tu. We ni yaya yangu, utasema nini ingine?" Nikampa Tata simu. Tata akamwambia kwamba yale alimwambia baba yake, hakumwambia yeye, na maneno yaliyosemwa mbele ya maiti hayarudiwi. Mdogo wangu akamwomba arudie kidogo tu, mstari mmoja. "Nitaimbia nani?" akasema Tata. "Maiti haiko. Unataka tulete ingine?" Kwetu huo si ukali wa mtu mmoja. Kasala ya kifo ikisemwa bila kifo, inakiita.

Basi mdogo wangu akasema hatakuja kumaliza matanga. Ataingiaje katika nyumba ya baba yake, akasema, kama amefukuzwa mbele ya watu? Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha kuamua. Hicho ndicho kilichonitisha, maana sisi watoto wa baba yule tukipiga kelele bado kuna mazungumzo.

Lakini nilikuwa na dawa, na haikumlazimu Tata kurudia neno. Mwalimu mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amesimama karibu na jeneza na simu mkononi, akarekodi kasala nzima. Sauti ilikuwa ndefu na nzito, kwa hiyo aliipandisha kwenye moja ya zile tovuti zinazobeba mizigo mikubwa kwa muda mfupi, akanitumia kiungo. Nilikibonyeza ofisini. Kivinjari kikauliza: tufungue, au tuhifadhi? Mkono wangu, uliozoea kufungua vitu vya watu, ukafungua. Sauti ya Tata ikajaa chumba. Mayowe yalikuwamo, ndiyo, lakini mwalimu alisimama karibu, na maneno yaliyofuata swali yalisikika yote.

Nikampigia mdogo wangu. "Njoo. Ninayo hapa. Utasikia kwa sikio lako, si kwa mdomo wangu." Akasema atakuja. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kufungua mlango kwa wateja nilisikiliza kipande. Sikukifunga kile kidirisha; umeme ukikatika na kurudi, kivinjari kilikirudisha chenyewe. Niliamini ninayo, kama unavyoamini una sufuria jikoni kwa kuwa umepika nayo jana.

Ilipofika Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, Tata alikuwa amekaa ofisini kwangu, kwenye kiti cha wateja, akikimbia kelele za uani. Mteja wa mwisho akatoka. Nikafungua Bageni.

"Unafanya nini apo?" akauliza.

"Natupa bintu bya bageni, Tata. Ile bantu balifungua humu, inabakia. Kila siku ya posho ninatupa."

"Balileta hapa?"

"Balileta, tukaprint, bakaenda."

"Na hii machine iko mu nyumba ya nani?"

"Ya baba."

"Basi haitoki."

Nikadhani hakunielewa. Nikamweleza kwa subira, nayo kwangu ni bidhaa adimu, kwamba si takataka ya kweli, ni faili, hazina uzito wala harufu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ameishi miaka mingi na wasomi, hakuna alichokosa kuelewa. Kisha akasema kwamba katika nyumba ya kilio hakuna kitu kinachotolewa nje mpaka matanga yaishe. Majivu ya mbabula, jiko letu la makaa, tulikuwa tunayarundika pembeni yake, maganda ya viazi yalikuwa kwenye gunia, uani hapakufagiwa. Nilikuwa nayaona hayo kila siku. "Bantu balileta kitu mu nyumba ya kaka yangu," akasema. "Kubwa, kidogo, ya karatasi, ya courant, umeme yenu hii, haitoki. Siku tutafagia, tutafagia yote."

"Tata, machine itajaa."

"Ijae."

Nikaibamiza ile panya ya kompyuta mezani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu ninalipenda, kwa hiyo nilisikia. Lakini nilisikia kwa meno yaliyofungwa. Na mashine kweli ikajaa. Kama ujuavyo, msiba mmoja huleta mingine, na mtaa wetu msimu ule ulikuwa unaoa na kuzika kwa zamu. Mialiko na picha za marehemu zikalundikana kwenye Bageni, na diski ya pili ikaanza kupumua kama mtu aliyemaliza bukari, ugali wetu wa huku, ya watu wawili. Mteja akilalamika kwamba namchelewesha, namwonyesha Tata kwa kidevu. "Muulize huyo." Tata anatikisa kichwa kumsalimu, anaendelea kuchambua maharage.

Jumamosi iliyofuata nilimwangalia, naye akaniangalia. Nikaiacha Bageni.

Siku ya kumaliza matanga ikafika. Mdogo wangu alikuwa njiani kutoka Mokambo tangu alfajiri. Asubuhi hiyo, maji ya kunyolea nywele yakiwa yamechemka na ndugu wakiwa wamekaa kwenye mikeka, niliingia ofisini nijaribu spika ili akifika asisubiri. Nikabonyeza ile sauti icheze. Umeme ukakatika.

Si jambo la kushangaza, hapa kwetu umeme ukikaa siku nzima ndipo tunaulizana kulikoni. Nikawasha jenereta, mashine ikaamka. Safari hii kidirisha kikarudi kitupu. Nikabonyeza kiungo cha mwalimu, na ile tovuti ikanijibu kwa adabu kubwa kwamba muda wa faili umekwisha na imeondolewa. Nikabonyeza tena, kana kwamba mashine ingenionea huruma. Nikampigia mwalimu, aliyekuwa amehamia Kambove kufundisha. Hakupatikana, nikampigia mkewe. Simu ya mwalimu, akaniambia, iliibwa sokoni huko huko Kambove, na yote yaliyokuwamo.

Nilikaa chini, sakafuni, karibu na nyaya. Nilimwona akilini mdogo wangu anafika, ananiuliza iko wapi, namwambia ilikuwapo. Ilikuwapo! Na yeye anatikisa kichwa kwa upole, maana angesema moyoni kumbe hapakuwa na kitu, yaya alinidanganya ili nije. Angegeuza lori. Ningempoteza, na asingeniachia hata ugomvi wa kushikilia.

Tata akaingia kuchukua kikwembe chake, akanikuta pale. Nikamwambia. Nikamsihi, nikashika miguu yake: arudie, mara moja tu, kwa ajili ya mtoto wa kaka yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na niliona kwamba anataka. "Siwezi," akasema. "Sikatai, mwanangu. Siwezi." Kisha, akitoka, akaongeza kama mtu anayeuliza ndoo iko wapi: "Si ilikuya mu machine? Nani aliitupa?"

Hakuna aliyeitupa.

Nilisimama nikafungua diski ya pili. Bageni walikuwa wengi mno, na kivinjari hakiwapi wageni wake majina ya kibinadamu, kinawapa herufi na tarakimu zisizo na maana. Nilipita kwenye bibi harusi, hati za viwanja, marehemu wa watu waliokuwa wananitazama kwa tabasamu la picha za pasipoti. Kisha nikatulia nikakumbuka kwamba sauti ile ilikuwa nzito, nikaipanga folda kwa uzito. Juu kabisa akakaa mgeni mmoja ambaye hakuwa picha wala karatasi. Nikambonyeza. Kwanza nilisikia mwalimu akikohoa. Kisha Tata.

Nililia kuliko siku ya mazishi, na wakati huu hakuna aliyenishika. Jambo la kwanza nililofanya ni kulifanya lile nililopaswa kulifanya tangu mwanzo: nikaihifadhi, nikaitoa kwa wageni, nikaiweka katika folda yenye jina la baba. Nikainakili kwenye simu yangu na kwenye flashi, nikaifunga flashi kwenye ncha ya kikwembe, kama bibi zetu walivyofunga sarafu.

Mdogo wangu alifika mchana. Lori liliziba barabara. Akashuka, akafika mpaka kwenye lango, akasimama. Ndugu wakamkaribisha; akajibu salamu kwa kila mmoja, kwa heshima, lakini mguu hakuuingiza. Alikuwa amekonda. Nilitaka kukimbia nimkumbatie, badala yake nikageuza spika dirishani, zikatazama lango, nikawasha.

Sauti ikapita juu ya vichwa vya watu. Mababu wakatajwa. Reli ikatajwa. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Likaja swali, mwana wako wa kiume yuko wapi, yakaja mayowe, nikamwona amefumba macho kama mtu anayengoja kofi. Kisha, chini ya mayowe, karibu kabisa, sauti ya Tata ikaendelea. Kwa Kiswahili ningeyasema hivi:

"Usigeuze kichwa kumtafuta. Yuko njiani. Si wewe uliyemfundisha kwamba mzigo wa watu hauachwi barabarani? Angeuacha aje kukuzika, ungeamka umrudishe. Basi lala. Lala, kaka yangu, lakini mlango usiufunge. Huyo anakuja."

Mdogo wangu alikaa chini palepale langoni, kwenye vumbi, mtu mzima mwenye mabega ya kubeba magunia, akalia kilio alichokuwa amekibeba tangu mpakani. Hakuna aliyemkimbilia. Tata aliinua mkono kuwazuia. Alipomaliza aliinuka, akavua viatu, akaingia. Alipita uani, akapita kwangu akanishika bega, akaenda kukaa kwenye kiti cha baba, kile cha sebuleni, ambacho baba alikipeleka nje kwa ajili yangu. Wakamnyoa wa kwanza.

Watu wananiuliza kwa nini siku hizi, mteja akija, ninamuuliza mara mbili: tufungue tu, au tuhifadhi? Wengine wanakereka. Sijali, wakereke. Namshukuru fundi aliyekataza mashine isifute yenyewe, namshukuru mwalimu aliyesogea karibu na jeneza wakati wengine walirudi nyuma. Lakini kila ninaposhika ile panya, ninayemshukuru kwanza ni mwanamke aliyeniambia ijae.

Jioni ile, mikeka ikikunjwa, gunia la maganda lilitolewa. Majivu yalitolewa. Wanawake walianza kufagia uani kutoka nyuma kuja mbele, na mdogo wangu, na kichwa chake kipya kinachong'aa, alikuwa anawachotea maji ya kunyunyiza wasitimue vumbi. Tata akaja mlangoni pa ofisi yangu, ameegemea fagio. Alimtazama mdogo wangu kule uani, kisha akanigeukia.

"Mutoto ameingia," akasema. "Sasa toa bageni."